Kosa Limeanzia Wapi? Kubainisha Makosa ya Utoaji Dawa katika Mtihani wa Usajili wa Wafamasia

Mwaka 2007 nchini Uingereza, mgonjwa aliyeandikiwa prednisolone alikabidhiwa vidonge vya propranolol ndani ya boksi lenye lebo ya prednisolone. Mfamasia alishtakiwa. Mwaka 2009 alipewa kifungo cha miezi 3 kilichoahirishwa, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikakibadilisha kuwa faini ya pauni 300.

Mtahiniwa akipewa kisa hiki, mkono humwenda haraka kwenye jibu la “kosa la lebo”. Lakini lebo ililingana na cheti cha daktari. Kilichotofautiana ni kidonge. Hilo ni kosa la dawa isiyo sahihi.

Njia ya kuaminika ni kukilinganisha cheti na kile kilichotoka dirishani. Vikitofautiana, kosa ni la utoaji. Vikilingana na tiba bado ina hitilafu, chanzo ni uandishi wa cheti, ingawa mfamasia hasalimiki, kwa kuwa kukikagua cheti ni wajibu wake. Methotrexate ya baridi yabisi inaonyesha hili vizuri. Humezwa mara moja kwa wiki. Daktari akiandika “kila siku” na mfamasia akatoa vivyo hivyo, kosa limezaliwa kwenye uandishi. Daktari akiandika “mara moja kwa wiki”, kisha bahasha ikasomeka “kila siku”, hilo ni kosa la utoaji, upande wa maelekezo. Na ikiwa bahasha iko sahihi ila mgonjwa akameza kila siku, hilo ni kosa la matumizi. Madhara yaweza kuwa yale yale, hata kifo. Majibu ya mtihani ni matatu.

Mtego mwingine uko kwenye dawa mseto ya malaria, ALu. Mtoto wa kilo 12 huandikiwa kidonge 1 mara 2 kwa siku, kwa siku 3, jumla vidonge 6. Akipewa pakiti ya vidonge 12 yenye maelekezo ya 2 x 2, wengi huchagua “nguvu isiyo sahihi”. Sivyo: kila kidonge kina miligramu 20 za artemether na 120 za lumefantrine, sawa na kilichoandikwa. Kilichokosewa ni maelekezo ya dozi na idadi. Nguvu hukosewa pale amoksisilini ya maji ya miligramu 125 kwa mililita 5 inapobadilishwa na ya 250.

Madhara, hata yawe makubwa kiasi gani, hayaamui aina ya kosa. Kosa la utoaji lililonaswa kabla dawa haijamfikia mgonjwa bado ni kosa la utoaji: kipimo cha madhara ya makosa ya dawa cha NCC MERP cha Marekani hulipa herufi B, na lililochangia kifo hulipa herufi I, hata kama yote mawili ni ya dawa isiyo sahihi.