KUVUMWANI, MLIMANI NA KWENYE MAJABALI YETU



Nimeombwa niseme machache juu ya elimu ya viumbe. Nimechagua kuvumwani, yale madoa ya kijivu, kijani na rangi ya chungwa yaliyoganda juu ya mawe na magome ya miti. Wengi hudhani ni uchafu. La hasha. Ni viumbe wawili waishio kwa ubia: kuvu hujenga nyumba, mwani hupika chakula kwa mwanga wa jua. Mswisi Simon Schwendener alilitangaza jambo hilo mwaka 1867, na wataalamu wengi wa zama zake wakalikataa.

Kuvumwani haina mizizi. Maji huyapata kwa mvua, umande na ukungu. Kwa hiyo ukitaka kujua inakaa wapi, uliza kwanza ukungu unakaa wapi. Katika misitu ya Kilimanjaro inayofunikwa na mawingu, aina iitwayo Usnea huning'inia matawini kama ndevu za mzee. Kwetu Nachingwea na Ruangwa nchi ni ya chini na kiangazi ni kirefu. Kwenye majabali utakuta ile iliyoganda kama ukoko wa wali chunguni. Jua likiwaka hukauka ikalala. Mvua za Desemba zikinyesha huamka. Hukua pole pole mno, nyingine hata milimita moja kwa mwaka haitimizi.

Haya yanatuhusu nini? Kati ya mwaka 1947 na 1951 Waingereza walifyeka pori la Nachingwea kwa matrekta, katika Mpango wa Karanga, kabla ya kuzichunguza vya kutosha mvua na ardhi. Mpango ulishindwa, na pori lilikuwa limekwisha fyekwa. Leo Ruangwa inajulikana kwa madini ya kinywe. Sipingi uchimbaji, kazi na maendeleo tunavitaka. Lakini jabali likishapasuliwa, kilichoota juu yake hakirudi katika umri wetu.

Vijana, rangi ya karatasi ya litmasi mnayotumia maabara asili yake ni kuvumwani. Basi chukueni daftari na rula, mwandike: jabali lipi, upande upi, kivulini au juani, upana kiasi gani. Mwakani mpime tena. Nasi wazee tuwanunulie lenzi. Tusingoje wageni waje kutusimulia habari za mawe yetu wenyewe.