Filimbi ya Mwamuzi na Amani ya Bwana

Masomo: Matendo ya Mitume 15:1-2, 22-29, Yohane 14:23-29



Nawasalimu nyote mnaotusikiliza asubuhi hii: ninyi mlioko Kilosa mjini, kando ya mto Mkondoa, ninyi wa vigango vya mbali, mlioketi kuizunguka redio moja, nanyi wa Mikumi, ambao usiku kucha husikia malori ya barabara kuu yakielekea Iringa na Zambia. Wagonjwa mlioko vitandani, nawasalimu kwa namna ya pekee.

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtashangaa kulisikia katika mahubiri. Nataka tuzungumze juu ya mpira wa miguu, au, niseme vema zaidi, juu ya mabishano yanayoufuata mpira.

Mtakumbuka Jumapili ya tarehe 25 Mei 2025. Katika kalenda ya Kanisa ilikuwa Jumapili ya Sita ya Pasaka. Asubuhi tulisomewa masomo haya mawili niliyoyataja. Katika Injili, Bwana anawaachia wanafunzi wake amani, naye anatuonya kwamba amani hiyo si ya namna ile ambayo ulimwengu hutoa. Tulipeana mikono kanisani, tukatakiana amani, tukarudi nyumbani.

Jioni ya siku ile ile ilichezwa fainali ya marudiano ya Kombe la Shirikisho Afrika, katika uwanja wa Amaan, Unguja, kati ya Simba na RS Berkane ya Moroko. Simba ilikuwa imekwisha kufungwa 2-0 huko Berkane tarehe 17 Mei. Ikaanza vema, ikapata bao mapema kwa mguu wa Joshua Mutale. Kipindi cha pili mchezaji wake mmoja akatolewa kwa kadi nyekundu. Hata hivyo Steven Mukwala akatikisa nyavu, watu wakalipuka kwa shangwe. Lakini mtambo wa picha za video uitwao VAR ukatumika, na bao likakataliwa kwa sababu ya kuotea. Katika dakika za nyongeza Berkane wakasawazisha. Mchezo ukaisha 1-1, na kombe likaenda Moroko kwa jumla ya mabao 3-1.

Basi, ndugu zangu, ile amani tuliyopeana asubuhi, wangapi tulikuwa nayo bado saa tatu usiku?

Katekista mmoja wa upande wa Mikumi alinisimulia habari ya waumini wawili wa jumuiya yake. Wenyewe wameniruhusu niieleze, bila kuwataja majina. Mmoja ni fundi wa kuchomelea vyuma, mpenzi wa Simba. Mwingine ni dereva wa bodaboda, mpenzi wa Yanga. Ni majirani, tena dereva huyu ni baba wa ubatizo wa binti wa fundi, naye kila asubuhi humpakia mtoto huyo na kumfikisha shuleni bila kudai hata senti moja.

Siku ile walikwenda pamoja kuangalia mpira katika kibanda cha kulipia, kile ambacho vijana hukiita kibanda umiza. Bao lilipokataliwa, dereva alicheka. Fundi akasema kwamba mwamuzi amenunuliwa. Dereva akajibu kwamba aliyezoea kubebwa humwona mwizi kila asiyembeba. Neno likazaa neno, mpaka fundi akamtukania mwenzake marehemu mama yake. Watu waliwatenganisha kabla ngumi hazijarushwa, lakini lililokwisha kutamkwa halikuweza kurudishwa kinywani.

Jumatatu asubuhi yule binti alisimama kando ya barabara na mkoba wake, akingoja. Pikipiki ikapita upande wa pili, haikusimama. Jumanne ikapita tena. Jumatano mtoto akaanza safari kwa miguu.

Tafadhali, ndugu msikilizaji, mwangalie vizuri mtoto huyo. Yeye hakupiga filimbi. Hakuotea. Hakumtukana mtu. Ndiye aliyelipa.

Hapa nawaomba tukumbuke jambo jingine, lililotokea mwaka mmoja kabla. Tarehe 5 Aprili 2024, huko Pretoria, Afrika Kusini, Yanga ilicheza na Mamelodi Sundowns katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Stephane Aziz Ki alipiga shuti, mpira ukagonga mwamba wa juu ukadunda chini, na wapenzi wa Yanga wakaapa kwamba ulikuwa umevuka mstari. Mwamuzi hakulikubali bao hilo. Mchezo ukaisha bila kufungana, kama ule wa Dar es Salaam, na Sundowns wakashinda 3-2 kwa mikwaju ya penalti. Siku ile ni nani waliolia kwamba haki imeporwa? Watu wa Yanga. Na ni nani waliocheka? Wengi wa wale wale ambao mwaka uliofuata walilia juu ya bao la Mukwala.

Wahenga walilijua jambo hili waliposema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Macho yetu huiona dhuluma upesi inapotuchoma sisi. Inapomchoma jirani, huitwa kichekesho. Huu ndio ugonjwa ninaotaka tuutambue leo. Hatuipendi haki, tunapenda kushinda, kisha tunauvika ushindi wetu vazi la haki. Mtu aipendaye haki kweli angemhurumia mpinzani wake aliyekataliwa bao halali, na angeona haya kushangilia bao la timu yake lisilo halali. Je, mimi na wewe tumewahi kufanya hivyo?

Wala sisemi kwamba kulalamika ni dhambi. Waamuzi ni binadamu, nao hukosea. Sheria za mpira zenyewe zinasema kwamba uamuzi wa mwamuzi juu ya yaliyotendeka mchezoni ni wa mwisho. Hazikusema kwamba hawezi kukosea. Ndiyo maana mitambo ya picha ilianza kutumika, na ndiyo maana klabu ikiona imeonewa inayo njia ya kuandika barua na kuipeleka panapohusika. Dhambi huanza pale tunapomhukumu mtu moyoni mwake, mahali ambapo hakuna picha za video zinazofika. Kusema “amekosea” ni kusema juu ya tendo. Kusema “amehongwa”, bila ushahidi wowote, ni kumshuhudia jirani uongo. Na amri inayokataza jambo hilo haikuwaachia nafasi wapenzi wa mpira.

Somo letu la kwanza linatuonyesha njia. Huko Antiokia palizuka ubishi mkali. Watu waliotoka Uyahudi walifundisha kwamba wasiotahiriwa hawawezi kuokoka. Paulo na Barnaba wakapingana nao vikali. Maandiko hayafichi ugomvi huo. Lakini tazameni walivyofanya. Hawakuupeleka sokoni. Waliupeleka Yerusalemu, kwa mitume na wazee. Wakasikilizana, wakaamua pamoja kwa msaada wa Roho Mtakatifu, wakaandika barua, tena wakatuma watu, Yuda aitwaye Barsaba na Sila, ili yaliyoandikwa yathibitishwe kwa mdomo. Na uamuzi wenyewe ulikuwa na huruma: wasitwishwe mzigo zaidi ya yale ya lazima.

Jumuiya ile ya Mikumi ilifanya vivyo hivyo. Mke wa fundi hakutaka mambo yaozee nyumbani. Aliyaleta katika sala ya jumuiya, na mwenyekiti akawapa wote wawili nafasi ya kusema, kila mmoja bila kukatizwa. Wakaanza kueleza habari za kuotea na mstari. Ndipo bibi mmoja, asiyejua lolote la mpira, akauliza: “Huyo mwamuzi, wanangu, mnamfahamu?” Wakajibu, “Hapana, bibi.” “Na yeye anawafahamu?” “Hapana.” Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: “Na huyu mtoto anayekwenda shule kwa miguu, je?”

Hawakupatana jioni ile. Siku tatu baadaye fundi alikwenda nyumbani kwa mwenzake, akaomba msamaha kwa lile tusi la mama. Kesho yake pikipiki ikasimama kando ya barabara. Juu ya bao la Mukwala hawajakubaliana mpaka leo, wala si lazima. Amani ya Bwana haidai kwamba wote tuone jambo moja kwa jicho moja; inadai kwamba nisikuache kando ya barabara kwa kuwa umeliona tofauti.

Huenda mtu akasema: “Padre, hayo ni mambo ya mpira tu.” Ndugu zangu wa Kilosa, sisi ndio watu wa mwisho wa kusema hivyo. Katika wilaya yetu ubishi juu ya mstari, yaani wapi shamba linaishia na wapi malisho yanaanzia, umekwisha kumwaga damu. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Silinganishi mchezo na msiba ule, Mungu aniepushe. Nasema tu kwamba moyo ni ule ule mmoja. Kijana anayejifunza uwanjani kwamba kila mwamuzi asiyempendelea ni adui, kesho atasimama mbele ya mzee wa kijiji, au mbele ya baraza la ardhi, na moyo huo huo.

Basi, niwaachie mambo matatu ya kufanya juma hili.

La kwanza: kabla hujamlaumu mwamuzi, jiulize ungesemaje kama bao lile lingekataliwa upande wa pili.

La pili ni la makatekista na walezi wa vijana. Katika michezo ya vigango vyetu, yule anayekubali kushika filimbi mara nyingi ni mwalimu au kijana anayejitolea. Mlindeni. Akimaliza mchezo, manahodha wote wawili waende kumshika mkono mbele ya watu, hasa nahodha aliyeshindwa. Maana asiyekubali kushindwa si mshindani.

La tatu: kama yuko mtu ambaye hamjazungumza tangu fainali ile, au tangu ugomvi mwingine wowote, nenda kwake kabla ya Jumapili ijayo. Usiende kumweleza habari za kuotea. Nenda kumsalimu.

Hata Paulo na Barnaba, baada ya kupatana na watu wa Yerusalemu, walikosana wao wenyewe kwa sababu ya Yohane Marko, wakatengana. Lakini miaka baadaye Paulo, akiwa kifungoni, alimwandikia Timoteo amlete Marko, kwa kuwa anamfaa. Kumbe hata mlango uliofungwa na mtume uliweza kufunguliwa.

Bwana atujalie amani yake, ambayo haitegemei nani ameshinda. Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.