Mpango Uanzie Mtoni, Usianzie Mezani

Hotuba kwa wanakamati wa kujitolea wa wodi na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Karurumo



Najua wengine wenu mmeacha kahawa bila kuchumwa ili mfike hapa, kwa hivyo sitawachosha kwa maneno mengi.

Nimeombwa nizungumze juu ya kupanga kazi ya mazingira: mito, chemchemi, udongo na miti. Nyinyi mliochaguliwa kuketi katika kamati ya wodi hamlipwi mshahara. Mmejitolea. Na mtu akijitolea, mara nyingi tunamshukuru tu na hatumwulizi amefanya nini. Leo nataka tuulizane.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Mita 6 za mama mmoja

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado kijana katika kazi hii, nilikuwa katibu wa kamati moja katika parokia nyingine, siyo hapa. Kijito chetu kilikuwa kinakauka kila Februari. Tukakaa watu 11 ukumbini. Tukakubaliana kila mwenye shamba kando ya kijito aache mita 6 bila kulima, tupande miti. Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu za mkutano. Tukapiga makofi, tukanywa chai.

Mvua ya Oktoba ilipofika tukapanda. Ilipofika Krismasi, miche katika shamba la mjane mmoja ilikuwa imeisha yote. Ng'ombe wake ameila. Watu wakasema, "Huyo mama ni mkaidi, hapendi maendeleo." Nikatumwa nimwonye.

Nilimkuta akipepeta maharagwe. Akanipa kiti. Nilipomaliza kusema ya kwangu, akaniambia, "Mwanangu, mlipanda miti yenu juu ya chakula changu."

Akanipeleka nione. Shamba lake lilikuwa jembamba kama mkanda, linateremka hadi majini. Nduma zake na majani ya nepia ya yule ng'ombe mmoja vyote vilikuwa ndani ya zile mita 6. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyolipa karo. Nikamwuliza kwa nini hakusema mkutanoni. Akanijibu, "Siku ile nilikuwa nje nawapikia chai."

Kuna jambo lingine nililoona siku hiyo. Juu kidogo ya shamba lake palikuwa na pampu, inanyonya maji mchana na usiku kumwagilia maharagwe mabichi ya kuuza ng'ambo. Mwenye pampu alikuwa mwanakamati mwenzetu, tena mweka hazina. Katika kumbukumbu zangu zote hakuna neno hata moja juu ya pampu.

Mnakumbuka habari ambayo nabii Nathani alimpelekea mfalme Daudi? Tajiri ana mifugo mingi, maskini ana mwana-kondoo mmoja. Mgeni alipofika, ni yule mmoja wa maskini aliyechinjwa. Mpango wetu ulikuwa hivyo hivyo, na mwandiko ulikuwa wangu.

Sheria inatupa nafasi

Sasa mtaniuliza: kumbe mita 6 ni vibaya? Hapana. Kanuni za maji za 2007 zilisema ukingo wa mto ulindwe, kuanzia mita 6 hadi mita 30 kila upande. Ukingo ukilimwa hadi majini, udongo unakwenda na maji. Mito yetu, Ena na Thuci, inatoka Mlima Kenya na mwisho wake ni mto Tana. Udongo wa Kyeni ukiondoka hapa haurudi tena.

Kosa letu halikuwa sheria. Kosa lilikuwa kwamba tulipanga nani atatoa bila kumwuliza anayetoa, na tukamwacha anayechukua zaidi.

Tena sheria hizo hizo zinatupa nafasi ya kupanga wenyewe. Sheria ya Maji ya 2002, na baadaye ile ya 2016, ilitambua vyama vya watumiaji wa maji. Sheria ya Misitu ya 2005 ilitambua vyama vya jamii vya misitu, na sheria mpya ya 2016 ikaendeleza. Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaitaka serikali ifikishe miti angalau asilimia 10 ya nchi, na inasema kila mtu ana wajibu wa kushirikiana na serikali katika kutunza mazingira. Kaunti nazo zilipewa kazi ya kuhifadhi udongo na maji.

Upande wetu huu wa mlima si wageni katika mambo haya. Kuanzia 2004 hadi 2012 kulikuwa na mradi wa majaribio wa Mlima Kenya Mashariki, uliosaidiwa na IFAD, ulioshughulikia mabonde ya mito mitano, na bonde la Ena lilikuwa moja lao. Baada yake ukaja mradi wa Tana ya Juu, uliofika kaunti 6, Embu ikiwemo. Wengi wenu mlihudhuria semina hizo.

Tuangalie na majirani. Kule Isiolo, Waborana walikuwa tangu zamani na baraza la wazee liitwalo dedha, linalopanga malisho na maji: wapi palishwe wakati wa mvua, na wapi pahifadhiwe kwa ajili ya kiangazi. Kuanzia 2011 Isiolo ikajaribu mfuko wa tabianchi. Mtindo wake ulikuwa hivi: katika kila shilingi 100, shilingi 70 zinakwenda kwa kazi zilizochaguliwa na kamati za wodi, 20 kwa kazi za kaunti nzima, na 10 kwa uendeshaji. Baada ya hapo kaunti nyingine zikafuata, na tangu 2021 mpango wa kitaifa uitwao FLLoCA umesukuma kamati za wodi za tabianchi sehemu nyingi za Kenya.

Kwa hivyo, ndugu zangu, mwanakamati wa kujitolea si mtu wa kuitwa kutia sahihi tu. Unachoandika kinaweza kuwa pesa, na pesa ikishakuja haiulizi tena kama mlimsahau mtu.

Hatua 5 za kupanga

Nimejifunza kwa kuumia. Nawaachia hatua 5.

Ya kwanza, tembeeni. Kabla ya mkutano wowote, fuateni mto kwa miguu kutoka juu hadi chini. Nendeni mwezi wa Februari au Septemba, maji yakiwa machache, siyo wakati wa mvua ambapo kila kijito ni kizuri. Mwende na mzee anayekumbuka chemchemi zilizokufa, na mama anayechota, na kijana anayechimba mchanga. Andikeni kila kitu mnachokiona: mfereji, pampu, mikalitusi, choo, njia ya ng'ombe. Msiruke kitu kwa sababu mwenyewe ni rafiki, au ni mwanakamati.

Ya pili, pimeni. Si lazima muwe na mashine. Chukueni mtungi wa lita 20 na saa. Elekezeni maji yote ya chemchemi yaingie mtungini, mhesabu sekunde. Ukijaa kwa sekunde 40, hiyo ni lita 30 kwa dakika, lita 1,800 kwa saa, lita 43,200 kwa siku. Ukijaa kwa sekunde 80, mmebaki na nusu. Fanyeni hivyo mwezi baada ya mwezi na kuandika katika daftari. Baada ya mwaka mmoja hakuna atakayewaambia kwamba mnakisia. Kwa shamba la mteremko, tengenezeni fremu ya miti mitatu yenye umbo la herufi A, mning'inize uzi na jiwe. Hiyo yatosha kupata mstari wa kuchimba matuta ya fanya juu.

Ya tatu, ulizeni: nani atapoteza? Hili ndilo kubwa. Kwa kila kazi mnayopanga, andikeni majina ya watakaotoa kitu, iwe ardhi, majani, maji, au kuni. Kisha mwende nyumbani kwao. Msiwaite ukumbini, nendeni. Mtu maskini hasemi mbele ya watu anaowaogopa, na mama anayepika chai hasikii mnachopanga. Na mkimwomba mdogo aache mita 6, siku hiyo hiyo mwulizeni mkubwa: pampu yako ina kibali? Unavuta saa ngapi?

Ya nne, hesabuni mikono. Mimi husikia, "Tutapanda miche 2,000." Vizuri. Kikundi kina watu 25? Basi kila mtu ana miche 80. Nani atachimba mashimo kabla ya mvua? Nani atamwagilia Januari? Mbuzi wa nani wafungwe? Kama hamna majibu, pandeni 500 mtakaoweza kuwatunza kama watoto. Tena chagueni mti kwa mahali pake. Mukima ni mzuri mpakani mwa shamba, na mnaujua kwa mbao na kuni. Kando ya maji wekeni miti ya kienyeji kama mkuyu na muringa, pamoja na mianzi. Mikalitusi ipelekwe mbali na chemchemi, maana ina kiu kubwa.

Ya tano, jueni tarehe. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Lakini mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1 ya mwaka uliotangulia. Maana yake, kazi mnayotaka ifanywe lazima iwe imeandikwa na kufikishwa ofisini mapema. Mkisubiri hadi mwakilishi wa wodi aje kutembelea sherehe, mmechelewa. Ombeni mpokee nakala iliyogongwa muhuri, mwiweke kwa katibu.

Juu ya kujitolea

Niseme kidogo juu ya jambo ambalo watu hunong'ona: nauli. Kamati ikikutana mbali kila wiki bila nauli, atakayefika ni mwenye pikipiki na mwenye duka. Polepole kamati inakuwa ya watu wenye nafasi, na mipango yao inakuwa ya watu wenye nafasi. Basi mikutano izunguke, leo kijiji hiki, kesho kile. Vikundi vichange kidogo kwa ajili ya mwanakamati asiye na uwezo, na hesabu isomwe mbele ya wote. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mtataka kujua mambo ya yule mama yaliishaje. Tulirudi, tukaketi kwake, chini ya mwembe, tukampikia chai sisi. Tukapatana: jembe lisiingie tena ukingoni, lakini nepia ibaki, maana mizizi yake inashika udongo, na awe anakata kwa panga bila kung'oa. Nduma zikahamishiwa sehemu nyingine, na kikundi kikamlimia bure. Miti ikapandwa michache, kwa nafasi, na yeye ndiye aliyechagua mahali. Kwa upande wa pampu, tulikubaliana siku za kuvuta na siku za kupumzisha kijito. Haikuwa rahisi. Mweka hazina alijiuzulu, na kwa msimu mzima hakuitikia salamu yangu hata kanisani. Iliniuma. Lakini ile miti michache ya mama, ng'ombe hakuigusa.

Kitabu cha Mwanzo kinatufundisha kwamba mtu aliwekwa bustanini kwa kazi mbili, kulima na kutunza. Hatuwezi kuwagawia maskini kazi ya kutunza, na wenye nguvu wakabaki na kazi ya kulima. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya 2015, alitukumbusha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini tuvisikie pamoja. Ukisikia kimoja tu, hujasikia.

Basi mkitoka hapa, msianze kwa kuandika. Vaeni viatu vya matope kwanza. Mungu awabariki, na awabariki wale mtakaowatembelea.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika mpango wetu wa mwisho, nani alitoa kitu? Je, tulimtembelea nyumbani kabla ya kuamua?

2. Nani anatumia maji mengi kuliko wote katika kijito chetu? Jina lake limeandikwa, au tunaliogopa?

3. Miche tuliyopanda msimu uliopita ilikuwa mingapi, na leo ni mingapi iliyo hai? Tukaihesabu.

4. Ni nani katika kikundi chetu ambaye hupika chai wakati wengine wanaamua? Mkutano ujao, nani atapika badala yake?