Mkataba Ulioigusa Unguja Ukafika Kalambo

Msikilizaji, mtoto wa Mwimbi, huku Kalambo, akifundishwa historia ya Zanzibar huiona ni habari ya watu wa mbali: karafuu, masultani, mapinduzi ya Januari 1964. Anajibu mtihani, yamekwisha. Mimi nasema historia ile ni yake pia, na ushahidi uko hapa hapa mpakani.

Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba. Ujerumani ikapewa Heligoland, kisiwa cha Bahari ya Kaskazini kisichofika hata kilomita 2 za mraba. Nayo ikakubali Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya ya Mwingereza. Shuleni tunaishia hapo. Lakini kifungu cha kwanza cha mkataba huohuo ndicho kilichochora mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika: unaanzia Mto Songwe, unakata nchi kavu, unaishia Mto Kalambo, ambao wao waliuandika Kilambo. Ndiyo Kalambo hii yetu, yenye maporomoko ya zaidi ya mita 200. Walungu na Wamambwe wakagawanywa, ndugu huyu kwa Mjerumani, yule kwa Mwingereza. Mkataba ule ulitiwa saini na Wazungu watupu. Hapakuwa na Mlungu wala Mmambwe, hapakuwa na Mfipa, na Mzanzibari hakuwapo.

Tena tulifahamiana na visiwa vile zamani, kwa njia chungu. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilitoka pwani, ikapita Tabora, ikafika kusini mwa Ziwa Tanganyika. Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja, alimshinda Nsama, mtawala wa Watabwa, mwaka 1867, ng'ambo tu ya ziwa letu. Watu waliotekwa huku bara waliuzwa katika soko la Mkunazini, Unguja, lililofungwa mwaka 1873, na wengi wakaishia kwenye mashamba ya karafuu. Damu ya bara imo katika jamii za Unguja na Pemba mpaka leo. Ndiyo maana inaniuma kusikia watu wakibishana nani mwenyeji wa visiwa na nani mgeni, kana kwamba mababu zao walikata tiketi ya meli.

Turudi kwenye mpaka. Julai 1964, mjini Cairo, nchi huru za Afrika ziliamua mipaka ya wakoloni ibaki ilivyo. Pendekezo lilitoka Tanzania. Naamini lilituepusha na vita vingi. Ila kuuheshimu mpaka hakutuzuii kujua nani aliuchora, na alilipwa nini.

Walimu wa Mwimbi na Kalambo yote, mkifika kwenye somo la Heligoland, msiishie Unguja. Fungueni ramani, waonyesheni watoto mto wao. Kisha watumeni kwa wazee wenye ndugu upande wa Mbala, ng'ambo ya mpaka, wayaandike wanayoambiwa wakati wazee hao bado wapo.