Don Juan si sifa



Leo nazungumza juu ya jina moja tu. Hapa Lubumbashi, tangu Kenya mpaka Ruashi, kijana akiwa na banamuke batatu ao bane, barafiki banamuita "Don Juan". Naye anacheka, anaona ni sifa. Binti akifanya vile vile, jina anapewa munalijua, sitalisema mbele ya bamama.

Sasa huyu Don Juan alitoka wapi? Alitungwa ku Hispania. Mtawa mmoja, Tirso de Molina, njo anatajwa kuwa alimuweka mu mchezo wa tiatre uliochapwa karibu mwaka 1630. Na musikilize muzuri: mu kichwa cha ule mchezo haitwi mpenzi, anaitwa mdanganyifu wa Sevilla. Anaingia usiku kwa mwanamuke akijifanya ni mchumba wake. Anaahidi ndoa kwa binti mvuvi, kisha anakimbia na farasi wa yule yule binti! Mwishoni sanamu ya mzee aliyemuua inamushika mkono, inamushusha ku jehanamu. Molière aliandika yake mwaka 1665, na kwetu jina lilikuja na Kifaransa. Udanganyifu ulibaki njiani.

Batanzania balifanya kinyume. Karibu mwaka 2008 redio zao zilipitisha matangazo ya mzee Fataki, mwenye kutongoza batoto ba shule. Fataki ni kitu cha kulipuka. Bantu bakashika lile neno: mzee akimusumbua mwanafunzi, banamuita fataki, na kila mutu anaelewa hatari iko wapi.

Kwetu mwalimu anaomba binti "bakutane" juu ya pointi, mukubwa wa kazi anafanya vile juu ya staji, na sisi tunasema ule ni Don Juan. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 ilikwisha kumupa jina lingine: kutumia cheo ili kumulazimisha mutu kingono ni kosa. Na mwenye hajatimiza miaka 18 ni mutoto, hata akikubali.

Mu kikundi chetu pia, yaya mwenye kutumia nafasi yake kwa baleki ba kike, tusimuchekee. Tunaomba kila seli ichague badada babili ba kupokea malalamiko, na binti akitaka kwenda kwa avoka, tumusindikize.

Nawaachia neno. Badada baanze.