Mashine ya Mgongoni: Kabla Hamjatoa Pesa za Kikundi

(Mazungumzo yetu na vikundi vya kujisaidia, Garsen)

 

Leo tunajibu swali la kikundi kimoja cha akina mama wanaofagia ofisi kwa mkataba. Wanataka kununua mashine ya kufyonza vumbi, ile inayobebwa mgongoni kama bomba la kunyunyizia dawa, haina waya, inatumia betri. Kijana wao aliiona kwenye simu. Pesa ziko, ni hisa walizoweka miaka mitatu. Wanauliza: tuchague ipi?

Kwanza tuseme kosa letu wenyewe. Zamani tulikishauri kikundi cha wakulima kinunue pampu ya petroli kwa kuwa bei ilikuwa nafuu na muuzaji ana maneno matamu. Ilivuta maji msimu mmoja. Kipande kidogo cha mpira kikapasuka, spea tukaitafuta Malindi, tukaitafuta Mombasa, hakuna. Sasa kuku wanalala juu yake. Pesa zile zilikuwa za watu thelathini. Kwa hiyo leo hatutawatajia jina la mashine. Tutawaambia namna ya kuikagua.

Anzeni na sakafu. Tangu mwaka 2013 sheria imetenga asilimia 30 ya manunuzi ya serikali kwa vikundi vya wanawake, vijana na walemavu, na ndiyo maana wengi wenu mmejiandikisha kuomba tenda za usafi. Vizuri. Lakini ofisi mnazofagia zina sakafu gani? Kama ni simiti na vigae, basi ufagio laini, ndoo mbili na mopu zinatosha, na kwenye zahanati kupiga deki kwa maji ni bora kuliko kufagia kukavu kunakorusha vumbi. Mashine hii inarudisha pesa yake penye mazulia, viti vya kitambaa, ngazi, na mahali pasipo na soketi karibu. Msikiti wenye zulia ukuta hadi ukuta ni kazi yake. Basi la abiria pia, maana kati ya viti waya unanasa kila hatua. Vijana wa stendi, hili ni lenu. Lakini ulizeni kwanza ni mabasi mangapi yanalala hapa. Linalosimama dakika kumi kwenda Lamu halitawangoja mfyonze.

Sasa betri. Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo tuende polepole.

Kwenye boksi wameandika "hadi dakika 60". Neno la kuangalia ni "hadi". Hiyo ni nguvu ya chini kabisa, betri ikiwa mpya. Ukiweka nguvu ya juu kwa sababu zulia lina mchanga, muda unaweza kushuka hata nusu. Hesabu ni hii: chukua volti za betri, zidisha kwa ampea za saa zilizoandikwa ubavuni. Volti 36 mara 8 ni 288. Gawanya kwa wati za mota. Kama mota ni wati 400, mtapata kama dakika 43, basi. Nendeni na saa mkononi mkaone kazi yenu inachukua muda gani. Ikiwa ni saa mbili, mnahitaji betri tatu, si moja, na betri ni ghali. Muulize bei yake kabla ya kuuliza bei ya mashine. Asiyeuza betri peke yake msimpe pesa.

Na stima ikipotea? Wengine mtasema tuna sola. Paneli ndogo ya wati 50 itachukua jua la siku nzima au hata zaidi kujaza betri hiyo moja, na usiku nyumbani mtakaa gizani. Tena joto letu hili linaua betri mapema. Msiiache chini ya mabati wala ndani ya gari, na ikitoka kazini ya moto, iacheni ipoe ndipo mchaji.

Mgongo nao. Mashine hizi nyingi zina kilo kati ya tano na nane pamoja na betri. Mtatucheka, mtasema mama wa Tana anabeba dumu la lita 20 kutoka mtoni. Ni kweli, lakini dumu unalitua. Hii unainama nayo, unajipinda nayo chini ya meza saa nzima. Tuliwaambia wale akina mama wafunge kilo saba za mchele mgongoni kwa leso, wafagie nusu saa. Wawili walikataa baada ya dakika kumi, na mmoja wao ana mimba. Mashine inayofaa ina mkanda mpana wa kiunoni, ili uzito ukae kwenye nyonga na si mabegani, na kamba zinazokazwa kumfaa mfupi na mrefu.

Vumbi la hapa ni laini kama unga, linaziba chujio upesi. Chujio la HEPA la kweli hushika asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3, jambo jema kwa mapafu, lakini ulizeni linapatikana wapi na mfuko wa ndani unafuliwa au unanunuliwa kila mara. Na jamani, maji hapana. Baada ya mafuriko ya mwishoni mwa 2023 mmeona matope yalivyoingia majumbani. Mtu akiwaita mfyonze matope kwa mashine ya vumbi kavu, mota itakufa siku hiyo hiyo.

La mwisho ni deni. Waliofanya tenda wanajua malipo yanaweza kuchelewa miezi. Msikope mkopo wa kulipwa kila mwezi kwa kutegemea hundi isiyofika. Heri mkodishe kwanza, au mnunue moja kwa hisa na muache kando pesa ya betri ya pili.

Wale akina mama wamehesabu: ofisi nne, zulia chumba kimoja tu. Wamenunua mopu na ndoo zenye kikamulio, na mwenyekiti wao amekwenda kuongea na kamati ya msikiti kuhusu zulia. Wakipatana, tutakwenda nao Mombasa kuijaribu mashine dukani, na mchele tutabeba.