ALAMA ZA TUMBAKU MWILINI: NENO "SIVUTI" PEKE YAKE HALITOSHI

(Maandishi ya mazungumzo ya Ofisa Habari wa Wizara kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Serikali haiwezi kupanga kinga wala tiba bila ya kujua idadi ya wanaozihitaji. Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, na Kifungu cha 20 cha Mkataba huo kinazitaka nchi zifuatilie matumizi ya tumbaku. Uchunguzi wa watu wazima uliofanywa nchini mwaka 2018 ulitumia mahojiano nyumba kwa nyumba.

Mahojiano ni njia njema, lakini yana mipaka. Wako wanaoona haya kukiri mbele ya jamaa zao. Wako pia wasemao kweli na hesabu ikapotea: mzee akiulizwa kama anavuta hujibu "sivuti", kumbe tumbaku imo katika tambuu yake. Swali likiishia kwenye kuvuta, atafunaye, anusaye na abwiaye ugoro wote huachwa nje.

Kwa sababu hiyo wataalamu hutafuta ushahidi wa pili, nao ni alama zinazobaki mwilini. Alama inayotegemewa zaidi ni kotinini. Nikotini ikishaingia mwilini, ini huigeuza kuwa kotinini. Nikotini hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi; kotinini huchukua saa 16 hivi, na kwa hiyo huonekana kwa siku kadhaa. Hupimwa katika damu, mkojo au mate. Marekani ilianza kuipima katika uchunguzi wake wa kitaifa wa afya mwaka 1988.

Alama ya pili ni hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo hupimwa kwa kupuliza katika kifaa kidogo. Kipimo hiki ni chepesi na hutoa jibu papo hapo, lakini chahitaji hadhari. Mama anayepikia kuni katika jiko lisilo na dirisha aweza kuonekana kama mvutaji, na mtafunaji wa tumbaku akaonekana hana kitu. Kadhalika, mfungaji aliyevuta usiku wa Ramadhani, akipimwa alasiri, pumzi yake huenda isioneshe kitu, ilhali kotinini ingalimo mwilini.

Alama ya tatu, thayosayaneti, haitufai sana sisi wa visiwani, kwani muhogo nao huiongeza mwilini.

Hata kotinini haisemi yote. Haielezi mtu ametumia tumbaku kwa miaka mingapi, wala haipambanui sigara na ugoro. Anayetumia dawa ya nikotini ili aache tumbaku naye huwa nayo. Asiyevuta, lakini anaishi na mvutaji, huonekana na kiasi kidogo. Hivyo basi, kipimo hakiondoi haja ya swali. Viwili hivyo husaidiana.

Ndugu watumishi, mnaopewa kazi ya kuhoji, ulizeni kila namna kwa jina lake: kuvuta, kutafuna, kunusa na kubwia. Ulizeni pia juu ya jiko na juu ya moshi wa wengine nyumbani. Mate au damu visichukuliwe ila kwa ridhaa ya mwenyewe, na chupa iandikwe namba, si jina. Majibu haya ni ya kuhesabia. Yasigeuzwe kuwa ushahidi wa kumwadhibu mtumishi kazini wala kumfedhehesha mtu mtaani. Siri ikivuja mara moja, nyumba ya pili haitafungua mlango.

Nanyi ndugu wananchi, mkiulizwa, jibuni kwa ukamilifu. Msemaji kweli humsaidia hata jirani yake, kwani mtumiaji asiyehesabiwa hatengewi huduma ya kumsaidia kuacha.